Madeki za Mtush: Usichomwe Mchana

Leo tunabonga madeki. Turntable za ukweli, si ile kontrola ya plastiki ya kuchomeka kwa laptop. Santuri zimerudi mtaani na kila msee ako na keja na sofa moja anataka kupigwa picha na sahani. Fiti. Lakini kuna deki na kuna pambo, na mtaa mzima unachanganya hizo vitu mbili.

Pambo ni ile kasanduku ya rangi ya bablish, spika mbili za kukohoa ndani. Ni mpya, boksi bado inanukia duka. Sinia yake, pale sahani inakaa, inavutwa na mkanda wa raba. Gusa sahani na kidole kimoja tu, mkanda unateleza, ngoma inalewa. Huwezi miksi na hiyo. Ukiibeba kwa dunda useme umekuja na madeki, umechoma. Na mbogi haisahaunga.

Deki ya kazi ni direct drive. Mota iko chini ya sinia yenyewe, hakuna mkanda katikati. Unashika sahani, sinia inaendelea na shughuli zake chini ya slipmat, ile kitambaa ya kuteleza katikati yao. Unaachilia, ngoma inaingia on time. Na kwa hiyo kazi jina ni moja: Technics SL-1200. Ilitoka Japan 1972. Ile 1979 ikakuja MK2 na slaida ya pitch ya kubadilisha speed, asilimia 8 juu, 8 chini, na ma-DJ wa hip-hop na house dunia nzima wakaishika wakakataa kuachilia. 2010 ikaachwa kuundwa. 2016 wakairudisha, na bei ikarudi na wazimu: SL-1200G, dola 4,000. Moja! Na madeki zinaendanga mbili. Hapo umegonga milioni ya Kenya na mixa huna. Mzae akisikia hivyo atakuambia ununue ploti Kitengela. Mzae kila kitu ni ploti Kitengela. Ukinunua raba, ploti. Ukinunua chipo mwitu, ploti.

So tunacheza mtush, na si kwa sababu tumesota. MK2 ya mtush iliundwa ipigwe usiku kucha, miaka na miaka, na bado inasimama. Kama hujafikisha ganji ya Technics, tafuta Pioneer PLX-1000, ile ya 2014, ama Reloop ya direct drive. Mtush ya ukweli inanyorosha mpya ya ufala kila siku.

Sasa skia, hapa ndio watu hulia. Geuza deki usome stima. Kenya ni volti 240. Deki ya Marekani inataka 120, ya Japan inataka 100. Ukichomeka hiyo kwa soketi ya keja bila transformer ya step-down, utaona moshi na hakuna ngoma. Muuzaji atasema "hiyo ni universal, buda." Wacha akwambie. Soma mwenyewe.

Halafu washa. Kwa ukingo wa sinia ya MK2 kuna nukta za kung'aa. Weka pitch kwa zero, ile taa ya kijani iwake, ucheki zile nukta kubwa. Lazima zisimame tuli. Zikitambaa, speed imeenda na bei pia iende. Sukuma slaida pole pole juu hadi chini: kama speed inaruka ruka, hiyo slaida imejaa vumbi ama imezeeka, na hutawahi shikanisha beat mbili ukiwa na hiyo mambo.

Mkono wa sindano ndio roho ya deki. Ushike kwa upole, utingishe kidogo, juu, chini, kando. Ukicheza cheza, bearing zimelegea ama zimekwisha. Sare. Hapo usibargain hata, hiyo si kazi ya fundi wa kubahatisha. Lakini sauti ikitoka upande mmoja, usitoroke haraka. Mara nyingi ni headshell, ile kichwa ya kushika sindano, imechafuka ama waya za RCA zimechoka, na msee wa soldering pale Luthuli Avenue anaweza kukuchangamkia. Iking'orota hmmm, angalia kama waya ya ground imefungwa kwa mixa. Tumia hizo vitu kuangusha bei, usoni ukae serious.

Sindano nunua mpya. Sindano ya mtush ni kama mswaki ya mtush. Hujui imepitia wapi, na ikiwa imeisha inachimba sahani yako kila ukiplay. Wasee wa scratch walipenda Shure M44-7, lakini Shure waliachana na biashara ya sindano 2018, so anayekuuzia "mpya" bei ya chini, muulize maswali. Ortofon bado ziko.

Sahani ziko hapa hapa Nairobi. Kenyatta Market kuna stall ya vinyl ya kupotea siku nzima, na Melodica iko Tom Mboya tangu enzi za wazae. Benga, rhumba, soul. Na ukienda ocha, chungulia chini ya kitanda ya guka. Guka atasema hizo ni takataka. Guka hajui kitu. Beba.

Ukifikisha madeki keja, usiziweke juu ya spika. Bass itapanda kwa sindano na majirani wote watajua wewe ni mgeni kwa hii game.

Na yule wa kukuambia "tuma deposit nikuwekee, kuna msee mwingine anakuja jioni," mwambie huyo msee aichukue. Enda mchana, enda na mbogi, beba sahani yako. M-Pesa haitoki hadi sinia izunguke mbele ya macho yako.