Dhahabu Iliyo Kwenye Droo Yako

“Shangazi, kumbe tunakaa na dhahabu ndani!”

Mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa kemia mwaka wa kwanza hapa Uingereza, alikuwa amepanga simu saba mbovu kwenye meza ya jikoni. Video moja ilimwonyesha namna ya kuyeyusha saketi kwa asidi ili apate dhahabu. Alitaka kujaribu bafuni.

Dhahabu ipo kweli. Tani moja ya simu kuukuu huwa na dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya migodi mingi. Lakini mimi ni nesi, nikamweleza habari ya moshi. Mchanganyiko wa asidi unaoyeyusha dhahabu hutoa moshi wa kahawia. Ukiuvuta utakohoa, utapata nafuu, utajiona mzima. Baada ya saa kadhaa mapafu yanaweza kujaa maji. Na yale maji yenye asidi na metali, angeyamwaga wapi?

Hayo maji ndiyo yanayowashughulisha watafiti. Hata viwandani, maji yaliyotumika hubaki na dhahabu kidogo iliyoyeyuka, isiyoonekana kwa macho. Hapo ndipo zinapoingia nukta za kaboni: chembe ambazo kwa kawaida hazizidi nanomita 10, wakati unywele mmoja una unene wa kama nanomita 80,000. Ziligunduliwa Marekani mwaka 2004 kwa bahati tu, na leo zinaweza kutengenezwa hata kwa maganda ya machungwa. Ukizimulika kwa taa ya urujuanimno, zinang'aa. Dhahabu iliyoyeyuka ikizigusa, mara nyingi mng'ao hufifia. Dhahabu ikizidi, nao unazidi kufifia. Zikiongezewa salfa au naitrojeni huishika dhahabu, na nyingine huigeuza tena kuwa punje ngumu zinazoweza kuchujwa.

Ila majitaka halisi yamejaa shaba na chuma, ambavyo navyo huweza kuvuruga mng'ao. Kwa hiyo kazi kubwa bado iko maabara.

Kwa saketi zenyewe, viwanda vipo. Mwaka 2024 Royal Mint, watengenezaji wa sarafu za Uingereza, walifungua kimoja Llantrisant, Wales.

Tulifuta picha, tukazipeleka simu kituo cha taka cha halmashauri. Nawe usizitie kwenye mzigo wa nyumbani. Simu iliyokufa huenda ikaishia kuchomwa jalalani, na moshi wake ukavutwa na mtoto wa mwenzio.

Kijana wangu atazichezea asidi akiwa maabara ya chuo, na miwani usoni.