Uhura wa Star Trek na asili ya jina lake

JINA la Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, linatokana na neno la Kiswahili, uhuru.

Tamthilia hiyo ya Gene Roddenberry, iliyoanza kurushwa nchini Marekani Septemba 8, 1966, ilihusu wasafiri wa chombo cha anga Enterprise waliokutana na viumbe wa sayari nyingine.

Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alikusudia kujiondoa baada ya msimu wa kwanza. Kwa maelezo yake, Dk. Martin Luther King alimsihi abaki, kwani mtu mweusi alikuwa akionyeshwa akiwa sawa na wenzake.

Alibaki. Mwaka 1977 alianza kuisaidia NASA kuwatafuta wanaanga wanawake na weusi. Mwaka 1983, Guion Bluford akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani.