Uvimbe Mkubwa wa Kizazi: Upasuaji Gani, kwa Mwanamke Yupi?

Uvimbe ambao wengi huuita fibroidi huota kutoka kwenye misuli laini ya mfuko wa uzazi, na ingawa unaweza kukua hadi tumbo likaonekana kama la mjamzito wa miezi mitano au zaidi, ni nadra sana kukutwa ni saratani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, wanawake zaidi ya 80 katika kila 100 wenye asili ya Afrika huwa wameupata, na wengi hawajui kama wanao. Kwa hiyo kuwa na uvimbe peke yake si sababu ya kupasuliwa. Kinachomfikisha mwanamke kwenye chumba cha upasuaji ni hedhi nzito inayommaliza damu, maumivu, kubanwa kwa kibofu cha mkojo, au kushindwa kushika mimba na kuilea hadi mwisho.

Ukubwa wa uvimbe hautoshi kuamua aina ya upasuaji, kwa kuwa mahali ulipokaa huwa na uzito uleule, pengine hata zaidi. Ulioingia kwenye uwazi wa ndani wa kizazi, hata ukiwa mdogo, huweza kusababisha damu nyingi, ilhali ulioning'inia upande wa nje unaweza kufikia ukubwa wa nazi bila kuvuruga hedhi hata kidogo. Ndiyo sababu daktari makini huanza na ultrasaundi, na pale uvimbe unapokuwa mwingi au mkubwa mno huongeza kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku kuchora ramani kamili ya viungo vya ndani.

Njia iliyo muhimu zaidi kwa mwanamke anayetaka kuzaa ni kuondoa uvimbe na kukiacha kizazi. Daktari hufungua tumbo, hupasua ukuta wa kizazi juu ya uvimbe, huuchomoa kutoka kwenye ganda lake, kisha hushona misuli tabaka kwa tabaka. Aliyeitetea kwa nguvu mapema katika karne ya 20 ni Victor Bonney, daktari mpasuaji wa London, ambaye mke wake mwenyewe alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe huu na hawakujaliwa mtoto. Bonney aliripoti kwamba katika kizazi kimoja alitoa uvimbe 225 na kukiacha mahali pake. Hoja kwamba uvimbe ukizidi wingi au ukubwa fulani kizazi hakina budi kutolewa inahitaji basi kupimwa upya, tena kwa kila mgonjwa.

Hatari kuu ya upasuaji huu ni kupoteza damu, na hapa ndipo maandalizi yanapookoa maisha. Mwanamke ambaye kiwango chake cha damu kiko chini ya gramu 12 kwa desilita tayari ana upungufu, na wengi wenye uvimbe mkubwa hufika hospitali wakiwa chini zaidi ya hapo. Madini ya chuma, ya vidonge au ya kuingizwa kwenye mshipa, pamoja na sindano zinazozima homoni za hedhi kwa miezi michache, huipa damu nafasi ya kupanda na huupunguza uvimbe. Wakati wa upasuaji wenyewe, mpira hufungwa kuzunguka shingo ya kizazi ili kubana mishipa ya damu, na dawa kama vasopresini, misoprostoli au asidi ya traneksamiki hupunguza uvujaji. Baadaye uvimbe mwingine unaweza kuota, na iwapo ukuta ulikatwa kwa kina, mara nyingi uzazi unaofuata hushauriwa uwe wa upasuaji.

Upasuaji wa matundu madogo, unaotumia kamera, humpa mgonjwa nafuu ya haraka, lakini uvimbe mkubwa hulazimika kukatwakatwa ili utoke. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha dhidi ya mashine za kukatia ndani ya tumbo, kwa kuwa zingeweza kusambaza saratani iliyojificha. Uvimbe wa kwenye uwazi wa ndani hutolewa kupitia ukeni, bila kupasua tumbo. Kuziba mishipa inayoulisha uvimbe, njia iliyoelezwa na madaktari wa Paris mwaka 1995, huhifadhi kizazi pia, ingawa si chaguo la kwanza kwa anayetafuta mimba.

Kutoa kizazi chote ndiyo tiba pekee inayohakikisha kwamba uvimbe haurudi, na kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa na kuchoshwa na damu ni uamuzi wa busara usiopaswa kuonewa aibu. Ovari zikiachwa, homoni huendelea kutengenezwa, na hofu ya kuzeeka ghafla haina msingi.

Mwanamke anayeteseka asimalize miaka akinywa dawa za kuyeyusha uvimbe zinazouzwa mitaani bila uthibitisho, huku damu ikiisha na uvimbe ukikua. Na kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, amwulize daktari uvimbe uko wapi hasa, kama unaweza kutolewa peke yake, na damu ya kuongezewa imeandaliwa kiasi gani. Asiporidhika na majibu, ana haki ya kutafuta daktari wa pili.