Ubingwa Huanzia Wodini

Kijana aliyehitimu miaka 5 ya masomo ya udaktari, awe ametoka Muhimbili, Moshi au Mwanza, hudhaniwa na wengi wa jamaa zake kuwa amekwisha kuwa tabibu kamili, ilhali kwa mujibu wa sheria, na kwa haki ya mgonjwa pia, bado yu kizingitini: sharti atumikie mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyopewa idhini, akizunguka baina ya wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, naye ana usajili wa muda tu wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kila aamualo liko chini ya dhamana ya waliomtangulia. Hapa Tanga twawaona vijana hao Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, asubuhi wakiifuata raundi na mafaili kifuani, na usiku wakiwa ndio wa kwanza kuamshwa.

Mtu akiuliza ubingwa huanza lini, aghalabu hujibiwa kuwa huanza siku daktari mwenye usajili kamili anapoingia shahada ya uzamili ya tiba, ambayo huchukua miaka 3 au zaidi. Jibu hilo ni sahihi ila halitoshi, kwani asiyezoezwa kupima na kuamua katika mwaka ule wa kwanza huibeba kasoro hiyo hadi daraja za juu, na huko kuitoa ni kazi ngumu mno.

Tuchukue mfano. Saa nane ya usiku mama amewasili kutoka Pangani na mtoto wa miaka 2. Mtoto ana homa kali, pumzi zamwenda mbio, mikono na miguu imepoa, na kucha ikibonywa kisha ikaachiliwa, wekundu wake huchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi. Kwa miaka mingi vitabu vilivyotungwa katika nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi viliamuru mtoto wa namna hii amiminiwe maji ya mshipani kwa wingi na kwa haraka, na mkono wa daktari kijana, ukisukumwa na huruma pamoja na hofu, huelekea huko huko. Lakini utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ambao kwa upande wetu ulifanyika Hospitali ya Teule, Muheza, uliwafuata watoto 3,141 wa hali hiyo, na matokeo yake yalipotangazwa mwaka 2011 ikawa bayana kwamba katika saa 48 walifariki takriban 10 na nusu katika kila 100 ya waliomiminiwa maji kwa haraka, ilhali miongoni mwa wasiomiminiwa walifariki 7 na kidogo. Watoto wenye kuhara hawakuwamo katika hesabu hiyo, na aliyekaushwa na kuhara, maji ndiyo uhai wake.

Basi daktari tarajali hana budi kupambanua. Amuulize mama habari za choo cha mtoto, aivute ngozi ya tumbo aone kama yarudi upesi, atazame macho kama yamezama, akunjue kope la chini aone weupe, maana huenda kinachotakiwa ni damu na si maji. Hayo yote yamo vitabuni. Lakini kuyafanya kwa utulivu, mama akilia pembeni, hufunzwa na mkubwa aliyesimama kando yake, amwulizaye kwa nini kabla hajamruhusu kufungua dripu. Tena maarifa haya, ambayo leo madaktari wa Ulaya nao huyasoma, yalichangiwa na wodi iliyo umbali usiofika kilometa 50 kutoka hapa mjini.

Kwa sababu hiyo napendezwa na mpango wa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoasisiwa mwaka 1999, ambacho humfunza daktari papo hapo hospitalini anapotumikia, ikiwa hospitali hiyo imekubaliwa: miaka 2 ya misingi, kisha mingine 3 kwa upasuaji wa jumla, na daftari ambamo kila operesheni huandikwa kama aliitazama, alisaidia, au aliifanya mwenyewe. Kijana wa Lushoto au Pangani aliyefunzwa karibu na kwao ana sababu zaidi ya kubaki kwao.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba katika hospitali nyingi za mikoa bingwa huyo huyo ana kliniki, ana chumba cha upasuaji, ana vikao, na kufundisha huachiwa dakika zitakazosalia. Naona ni wajibu wa wasimamizi kuiandika saa ya kufundisha katika ratiba kama iandikwavyo zamu ya upasuaji, kwa jina la mfundishaji na wodi yake, wala saa hiyo isiondolewe kwa sababu foleni ya kliniki imerefuka.