Taa za Udongo za Warumi

Usiku ulipoingia katika mji wa Pompeii, kabla haujafunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, nyumba nyingi ziliangazwa kwa taa ndogo za udongo zilizoenea katika kiganja cha mkono. Je, taa hizo zilifanyaje kazi, nazo zinatufunza nini leo?

Umbo lake lilikuwa sahili. Juu palikuwa na tundu la kutilia mafuta, mbele palikuwa na mdomo wa kupitishia utambi, na mara nyingi nyuma palikuwa na kishikio. Utambi wa nyuzi za kitani ulifyonza mafuta na kuyapandisha hadi penye moto. Hapo joto liliyageuza kuwa mvuke, na mvuke huo ndio uliowaka. Utambi wenyewe uliteketea polepole tu, maadamu mafuta hayajakwisha. Ulipotokeza mno, mafuta yalizidi hewa iliyohitajiwa kuyaunguza yote, na taa ikatoa masizi.

Mafuta yaliyopendelewa ni ya zeituni. Hayo hayo ndiyo yaliyotumika jikoni. Hivyo kila saa ya mwanga iliipunguzia nyumba chakula chake. Mwali mmoja ulikaribia ule wa mshumaa. Aliyetaka mwanga zaidi alitumia taa yenye midomo mingi, na kila mdomo ulidai mafuta yake.

Taa nyingi zilitengenezwa kwa kalibu za vipande viwili. Udongo mbichi ulishindiliwa katika kila kipande, nusu hizo zikaunganishwa, zikakaushwa na kuchomwa tanurini. Baadhi zilipigwa chini jina la karakana. Jina FORTIS, la karakana ya kaskazini mwa Italia, limeonekana katika majimbo mengi ya dola. Je, taa hizo zote zilitoka Italia? La. Fundi wa mbali aliweza kuchukua taa moja na kuifanyizia kalibu, jina likiwamo. Lakini udongo hunywea ukaukapo na uchomwapo. Basi nakala ikawa ndogo kuliko taa ya asili, na nakala ya nakala ikawa ndogo zaidi. Kwa kupima tu, mwanaakiolojia aweza kutambua ipi ilitangulia.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Wanafunzi wafinyange kipande cha udongo chenye urefu wa sentimita 10, wakianike kivulini hadi kikauke kabisa, kisha wakipime tena.