Kabla ya kununua ekseli kubwa, piga hesabu hii

Mwenye gari la porini akishavunja hafu-shafti, ushauri wa kwanza atakaopewa gereji ni kufunga ekseli kubwa zaidi. Fundi hakosei kwamba chuma kinene hakivunjiki ovyo. Ila ushauri huo unagharimu kuliko unavyosikika, na wenye magari wengi wangefika wanakotaka kwa pesa pungufu sana.

Kwanza tazama ulichonacho. Land Cruiser za 70 na 80 zina ekseli nzima mbele na nyuma. Prado, tangu ile ya 90, ina ekseli nzima nyuma tu. Mbele kila gurudumu linajitegemea. Wapo wanaotamani kung'oa mfumo huo wa mbele wa Prado na kuweka ekseli nzima. Wasifanye hivyo. Kazi hiyo inadai kuchomelea mabano ya springi kwenye chesisi, kubadili usukani, kupanga upya pembe za magurudumu na kutengeneza propela shafti mpya. Wauze Prado watafute Land Cruiser 80, iliyotengenezwa kati ya 1990 na 1997, na chenji inaweza kubaki.

Kwa watu wetu, ambao kwao gari la porini ni gari la mzigo pia, tofauti kubwa iko nyuma. Hilux na Prado zina ekseli ya nyuma ambayo hafu-shafti yake inazungusha gurudumu na papo hapo inabeba uzito wa gari. Ikikatika karibu na rimu, gurudumu laweza kuchomoka pamoja nayo. Pikapu ya Land Cruiser 79 ina fulu floti: uzito unabebwa na habu yenye beringi mbili juu ya bomba la ekseli, na hafu-shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, unafungua nati, unachomoa vipande, unaziba tundu vumbi lisiingie, unaingiza fowili na kurudi taratibu kwa nguvu ya mbele. Kuitambua si kazi: habu imechomoza katikati ya rimu ya nyuma, ikiwa na duara la nati zake yenyewe. Anayepanga kubeba mapipa ya maji, mafuta na hema kwenda Natron au Turkana anunue gari lililotoka kiwandani na ekseli hii. Kuja kuifunga baadaye ni ghali.

Lakini anayekwama kwenye matope hakwami kwa sababu ya wembamba wa ekseli. Difu ya kawaida inaliacha gurudumu lenye utelezi lizunguke bure huku jingine limesimama, na ekseli kubwa yenye difu ya namna hiyo itakwama palepale. Dawa yake ni loku, inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Toyota huuza baadhi ya Land Cruiser 70 zikiwa na loku za umeme mbele na nyuma, na gari la namna hiyo linastahili nyongeza ya bei. Ukitaka ya kufunga mwenyewe, loku ya upepo ya ARB ya Australia huuzwa Marekani kwa dola elfu moja na ushee kwa ekseli moja, bila kompresa. Ongeza usafiri, ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Anza na ya nyuma. Jihadhari na kitu kimoja: loku ikishika, nguvu yote yaweza kuangukia hafu-shafti moja, hivyo usikanyage mafuta kwa hasira.

Tairi kubwa zina deni lake. Kuinua springi hakuinui difu ya ekseli nzima hata sentimita moja. Kinachoiinua ni tairi. Ukitoka inchi 31 kwenda 33 unapata inchi moja tu, yaani sentimita 2.5. Kwa kipande hicho gari linakuwa zito kuondoka, kwa hiyo itabidi ubadili krauni na pinioni, gia za ndani ya difu. Hesabu yake ni hii: uwiano wa sasa, tuseme 4.1, mara 33, gawa kwa 31, unapata karibu 4.4. Seti moja huko Marekani ni dola 200 hadi 400, lakini lazima ununue mbili, kwa sababu mbele na nyuma zisipolingana, ukiingiza fowili unaweza kuvunja giaboksi. Kuzipanga kunataka fundi mwenye vipimo, si wa kukisia kwa mkono. Spidi nayo hudanganya: dashibodi iliyokuwa sahihi ikisoma 50, wewe uko 53, na askari mwenye tochi hatasikiliza hadithi ya tairi.

Ndipo tufike kwenye ekseli zenyewe. Wamarekani wenye Jeep huhama kutoka Dana 30, yenye krauni ya inchi 7.2, kwenda Dana 44 ya inchi 8.5 au Dana 60 ya inchi 9.75. Jozi mpya ya Dana 60 hupita dola 10,000, na hapo hujagusa rimu, breki, springi wala propela shafti. Kwa gari la kushindana Rhino Charge, linalokata pori la Kenya kwa njia fupi iwezekanavyo, gharama hiyo ina maana. Kwa gari linaloenda shamba na mbugani, haina.

Ukinunua difu ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road, soma kwanza kibao cha Toyota kwenye gari lako. K294, kwa mfano, ni krauni ya inchi 9.5 na uwiano wa 4.1. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, inua ekseli, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja, na uhesabu mizunguko ya pinioni. Ikiwa gari lako ni la 4.1 na umepata nne na kidogo, endelea kuongea bei.

Kama mfuko unaruhusu jambo moja tu, badilisha sili, beringi na mafuta ya difu uliyonayo, kisha funga loku ya nyuma. Ekseli kubwa ziache mpaka uwe na gari la pili la kukupeleka kazini.