Miezi Sita ya Sheria na Maji ya Bugarama

Mwaka 2006 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria ya Viwango, Uthibiti wa Ubora, Ugezi na Upimaji, na ndani yake ikaziwekea nchi wanachama sharti lililo wazi kuliko mengi yaliyowahi kutoka Arusha, makao makuu yake: Baraza la Mawaziri likishatangaza kiwango cha Afrika Mashariki, kila nchi ina miezi sita ya kukipokea kuwa kiwango chake cha kitaifa bila kubadili matini yake, na ya kukiondoa kiwango chake cha zamani kinachohusu jambo lilelile. Kiwango, kwa maana hii, ni waraka wa kitaalamu unaotaja sifa ambazo bidhaa au huduma ni lazima iwe nazo, na waraka wa maji ya kunywa ni ule unaojulikana kwa namba EAS 12, ambao umetaja kikomo cha juu cha madini, chumvi, sumu na vijidudu vinavyoweza kuwamo katika maji. Maji yakivuka kikomo hicho hayafai kuitwa maji ya kunywa, yawe yamechotwa Nairobi, Kigali au katika chemchemi ya Bugarama wilayani Ngara, Tanzania.

Historia ya floraidi nchini Tanzania inaonyesha jinsi nchi inavyoweza kuchelewa katika jambo la namna hii, tena kwa sababu zisizo za kipuuzi. Floraidi ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba, hasa ile ya volkano, na kuingia katika maji ya ardhini. Kiasi kidogo huimarisha meno, lakini kikizidi huyatia madoa ya kahawia yasiyosafishika kwa watoto ambao meno yao yangali yanakua, na kikizidi mno kwa miaka mingi hukaza viungo na kupinda mifupa. Mwaka 1974 serikali iliweka viwango vya muda vya maji ya majumbani, ikaruhusu floraidi hadi miligramu 8 katika lita moja. Miaka kumi baadaye, yaani 1984, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kikomo cha miligramu 1.5. Hata hivyo toleo la mwaka 2008 la TZS 789, kiwango cha maji cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS), bado liliruhusu miligramu 4, wakati sheria ya Jumuiya ilikuwa imekwisha kuwa na umri wa miaka miwili. EAS 12 ya mwaka 2014 ilitaja 1.5, na toleo la TZS 789 la mwaka 2018 linakubaliana nayo. Kutoka viwango vya muda hadi kufika hapo ni zaidi ya miaka arobaini, na watoto waliozaliwa Maji ya Chai au pembezoni mwa Mlima Meru katika kipindi hicho wamefikia utu uzima na kulea watoto wao kwa maji yaleyale.

Waliotetea kikomo cha juu walikuwa na hoja nzito. Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na sehemu za Shinyanga na Mwanza, vyanzo vingi vina floraidi nyingi kwa asili, na kuvitangaza kuwa haramu kungemaanisha kuvifunga visima ambavyo wanavijiji hawakuwa na mbadala wake isipokuwa madimbwi yanayoleta kuhara na kipindupindu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia inayofaa kwa ndoo ya nyumbani lakini iliyo ngumu kuiendesha kwa mji mzima. Kwa hiyo hoja kwamba afadhali meno ya kahawia kuliko kifo cha mtoto kwa kuhara ilikuwa hoja ya kibinadamu. Kasoro yake ni kwamba kikomo kilicholegezwa kilificha ukubwa wa tatizo, kwa kuwa kisima chenye miligramu 6 kiliandikwa katika kumbukumbu kuwa kiko salama, na kilichoandikwa kuwa salama hakitengewi fedha za kukirekebisha. Serikali ingeweza kukiri kikomo sahihi na papo hapo kutangaza kwamba eneo fulani limepewa muda maalumu wa kukifikia, jambo ambalo lingeacha deni lionekane vitabuni hadi lilipwe.

Bugarama iko katika hali tofauti kabisa, na ndiyo maana inafundisha upande wa pili wa jambo hili. Miamba ya Ngara na Biharamulo si ya volkano changa kama ile ya Meru. Ni miamba ya kale ya ukanda wa Karagwe na Ankole, na floraidi si kilio cha wakazi wake. Hatari ya vijiji vya vilima na mabonde kama hivi, ambako watu huchota kwenye chemchemi zilizojengewa, visima vya pampu ya mkono na mabomba ya mserereko, ni kinyesi cha binadamu na mifugo kinachoshuka na maji ya mvua. Kwa hilo kiwango cha Tanzania na kile cha Jumuiya vinasema neno moja: bakteria aitwaye E. coli, ambaye kuwapo kwake ni ushahidi kwamba kinyesi kimeyafikia maji, asionekane hata mmoja katika mililita 100. Hapa hakuna aliyechelewa kuandika. Kilichochelewa ni upimaji, na sheria inayohusu namba haijatekelezwa mahali ambapo namba hiyo haijawahi kupatikana.

Ugumu wa kuipata namba hiyo unaeleweka zaidi kwa kuitazama kazi yenyewe. Mtaalamu hufika bombani na chupa iliyochemshwa na kufungwa, huusafisha mdomo wa bomba kwa spiriti au moto, huacha maji yatiririke kidogo, kisha hukinga bila kidole kugusa ndani ya kifuniko. Chupa huwekwa katika kasha lenye barafu, kwa kuwa bakteria walio hai huzaliana au kufa njiani na kuyapotosha matokeo. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa sita, na isizidi saa 24. Huko maji hupitishwa katika utando wenye vitundu vidogo mno, utando hulazwa juu ya chakula cha bakteria, huachwa katika joto usiku kucha, na asubuhi madoa yaliyoota huhesabiwa kwa macho, kila doa likiwa limetokana na bakteria mmoja aliyenaswa. Maabara ya ubora wa maji ya mkoa iko Bukoba, mamia ya kilomita kutoka Ngara. Barafu, mafuta ya gari na posho ya mtaalamu ndivyo vinavyoamua kama maji ya kijiji yatapimwa mwaka huu au la, na ni mambo ambayo kiwango chenyewe hakiyataji hata kidogo.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuvipa uendeshaji wa skimu za vijijini vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi huviita kwa kifupi cha CBWSO. Vyombo hivi huishi kwa fedha ya ndoo na dumu, nayo hutumika kwanza kwa kinachoonekana: koki iliyovunjika, bomba lililopasuka, mlinzi wa tangi. Klorini na upimaji hubaki nyuma kwa sababu maji yenye E. coli huwa meupe na matamu kama yasiyo nayo, na mwananchi hawezi kulalamikia asichokiona. Si haki kuwabebesha watu hawa jukumu la kisheria la ubora bila kuwapa kifaa cha kuujua ubora huo.

Wilaya ya Ngara imewahi kuona kwamba jambo hili linawezekana. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja na kupiga kambi Benaco, kando ya ziwa dogo la kuchimbwa. Mashirika ya misaada yaliyavuta maji yale, yakayasafisha na kuyatia klorini. Miezi michache baadaye kule Goma, ambako wimbi kubwa zaidi la wakimbizi lilimiminika juu ya miamba migumu ya volkano isiyochimbika kirahisi, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu, na janga la kadiri hiyo halikutokea Ngara. Tofauti hiyo haikutokana na klorini peke yake, lakini ni vigumu kuieleza bila klorini.

Swali la nani anaweza kuilazimisha nchi iliyochelewa halina jibu rahisi katika Jumuiya. Kwa Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Jumuiya, Katibu Mkuu akiona nchi imeshindwa kutimiza wajibu wake huiandikia, nayo hupewa miezi minne kujibu. Isiporidhisha, suala hupelekwa kwenye Baraza la Mawaziri, ambalo huamua kama liende Mahakama ya Afrika Mashariki, na Baraza hilo ni la mawaziri wa nchi zilezile. Kifungu cha 30 kinamruhusu mkazi yeyote kufungua shauri mwenyewe, ila ndani ya miezi miwili tu tangu tendo linalolalamikiwa litokee au alijue, na mwaka 2012 kitengo cha rufani cha Mahakama hiyo kilikataa kuurefusha muda huo kwa hoja kwamba kosa bado linaendelea. Kutopima maji ni kosa la kutotenda, ambalo halina siku moja iliyo wazi ya kuanzia kuhesabu.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi, na mfano unaoifaa Bugarama ni wa Ayalandi. Agizo la pamoja la mwaka 1980 kuhusu maji ya kunywa lilitakiwa liwe limetimizwa kufikia 1985, lakini vijiji vingi vya Ayalandi vilihudumiwa na skimu ndogo zilizoendeshwa na wakazi wenyewe, na maji yake yaliendelea kukutwa na bakteria wa kinyesi. Serikali ilijitetea kwamba skimu hizo ni mali ya watu binafsi. Novemba 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba nchi ndiyo inayodaiwa matokeo, haidhuru nani anashika koki. Baada ya hukumu hiyo serikali iligharimia mitambo ya kusafishia maji, ikaziunganisha skimu ndogo katika makundi ili mkandarasi mmoja ajenge na kuendesha mitambo ya kundi zima, huku matokeo ya vipimo yakiendelea kuchapishwa.

Skimu za Bugarama na kata jirani zinaweza kuunganishwa kwa mtindo huohuo chini ya RUWASA wilayani, zikachangia fundi mmoja wa klorini na kasha moja la kupimia E. coli papo hapo, kifaa kinachobebeka kwenye pikipiki na kinachoondoa haja ya kuikimbiza chupa ya barafu hadi Bukoba. Gharama hiyo haiwezi kutoka katika fedha ya ndoo. Inapaswa kuwa katika bajeti ya Wizara ya Maji kwa jina lake, na matokeo ya kila chanzo, mabaya kwa mazuri, yabandikwe katika ofisi ya kijiji pamoja na tarehe ya kupimwa, ili kuwe na siku ambayo mwananchi anaweza kuitaja mbele ya mahakama.